Mume Wangu, Dada na Jaribio la Mafuta

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma hapa, mbavu sina!

Unajua shemeji yako alivyoninyima gari la otomatiki mwaka mzima. "Linakunywa mafuta! La gia ndilo linabana matumizi!" Leo dada yangu amechoka kumsikia. Akamwambia, "Shemeji, magari yetu injini ni moja, langu otomatiki, lako la gia. Tujaze matangi, twende mlimani na kurudi, tujaze tena. Lako likinywa zaidi, mke wako anapata otomatiki."

Akakubali! Tena kwa madaha!

Dada mbele, sisi nyuma. Nikauliza ile taa nyekundu kwenye dashibodi ni ya nini, akasema nisimvuruge. Kwenye mlima ikaingia harufu ya kuungua. Shoga, alifurahi! "Unasikia? Hiyo ni otomatiki ya dada yako!" Nikafunga dirisha. Harufu ikazidi.

Kurudi kituoni kujaza tena, gari la shemeji yako likanywa, likanywa, likanywa. Akamwambia muuza mafuta pampu yake mbovu. Huku magurudumu ya nyuma yanafuka moshi!

Dada akachungulia ndani. Akamwita kwa upole, kama muuguzi: "Shemeji... breki ya mkono."

Iko juu! Tangu nyumbani! Mlima mzima!

Anadai jaribio halihesabiki. Tumemrudisha kwa gari la dada, kiti cha nyuma, lake limebaki linapoa. Kufika kwenye mteremko, akaanza: "Hapa, shemeji, toa mguu kwenye mafuta, unapoteza."

Dada akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akamwonyesha, akaishusha. Taratibu.

Sasa niambie, otomatiki yangu iwe nyekundu au bluu?