Chetezo Ndani ya Boti

Kaka Hud,

Nakwenda Nizwa kwenye usaili, narudi magharibi. Wali upo jikoni.

Boti yako usiitie majini leo. Mrija wa petroli umechanika pale unapoingia tangini. Nunua mpya na vibano viwili, usiufunge kitambaa kama alivyofanya yule mtu wa Ashkhara aliyekuuzia boti. Ukitoka baharini, pitisha maji matamu kwenye mashine mpaka chumvi iishe. Haya yote nilikwambia Jumamosi, lakini wewe siku tatu unapaka rangi jina la boti tu!

Na leo asubuhi ukamwita Mama aifukize boti udi, isipatwe na jicho la hasidi. Petroli inavuja chini ya kiti, inanuka boti nzima, nawe unamwambia, "Ingiza chetezo ndani zaidi, Mama." Hasidi gani atakushinda wewe?

Nilimnyang'anya Mama chetezo na makaa yake ya moto nikakimwagia maji, sikuwa na muda wa adabu. Sasa amejifungia chumbani, anasema, "Chuo kimemfunza kunidharau." Na wewe ukacheka.

Niliandika hapa kwamba boti hiyo sipandi maisha yangu. Nimeyafuta kwa mstari. Ijumaa nitapanda pamoja na Mama, ukishabadilisha mrija. Udi afukize ndani ya nyumba, na akitaka anifukize na mimi.

Kabla hujaenda sokoni, mgongee mlango umwambie ile harufu ilikuwa ya nini. Mwambie yeye sikumdharau hata kidogo. Niliyemdharau ni wewe, na mpaka naandika hivi bado.

Mdogo wako,
Rawya