Wifi, Lile Neno 'Joya'

Wifi yangu mpenzi,

Simu zangu hupokei, na kaka yangu kila akirudi kutoka kwenu Kizimkazi huvua viatu mlangoni akapita bila kusema neno. Nimeona nikuandikie, tena mahali ambapo kila mtu atasoma. Wewe hukuaibishwa chumbani. Itakuwa haki gani basi nikuombe radhi kwa siri?

Nakukumbuka jikoni kwetu Michenzani, wewe unasukuma chapati, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi huku natunga. Unajua mimi hutunga kwa mdomo kwanza, kalamu baadaye. Nilikuwa nikikutupia mstari, nawe unaugonga kibaoni kwa mti wa kusukumia, mizani baada ya mizani, mpaka unga unaruka. Ukiwa na kasoro hukunisitiri. "Huo unachechemea, wifi. Upeleke kwa mganga!" Tukacheka mpaka chapati ikaungua.

Na siku ile nilipovunja nazi nzuri kabisa kwa nje, ndani hamna kitu ila sponji kavu. Nikasema, "Lo, joya!" Wewe ukacheka, kisha ukasema polepole, "Ndo mimi huyo, wifi. Miaka yote hii na kaka yako, joya." Ukageukia jiko. Nikaendelea kukuna nazi nyingine. Hatukulitaja tena.

Watu huniuliza kwa nini naandika. Mimi huwajibu maneno ya kupendeza, eti moyo ukijaa hauna budi kumwagika. Uongo mtupu. Naandika kwa ajili ya ile raha ya mstari unapokaa mahali pake, ukausema mara ya pili na ya tatu na bado mtamu. Kwa raha hiyo naweza kusahau sufuria jikoni. Sasa nimejua naweza kusahau hata mtu.

Kina mama wa kikundi cha taarab waliponiomba wimbo wa harusi ya Kiembe Samaki, nilitunga habari za mwanamume mwongo wa ahadi. Wewe ulikuwa kwenu, umekwenda kumuuguza mama. Nikakwama ubeti wa mwisho, natafuta kina cha "ya". "Haya" nilishaitumia, "mbaya" pia. Ndipo neno lako likaja lenyewe:

*Nilipanda nikangoja, nikaangua majoya.*

Nilikuona akilini, wifi. Sitasema sikukuona. Nilikuona umenipa mgongo, umeinamia jiko. Nikajiambia, nani atajua? Kisha nikausema tena mstari na nikacheka peke yangu kwa utamu wake.

Ada zetu unazijua kuliko mimi. Anayeinuka kumtunza mwimbaji kwa noti kwenye ubeti huuchukua ubeti ule akampelekea amtakaye, na mtungaji hana tena mamlaka nao. Alasiri ya harusi, nawe umesharudi kutoka kwenu, mwimbaji alipofika kwenye majoya, aliinuka Bi Zuwena wa ghorofa ya chini, yule ambaye kila mwezi hukuuliza "vipi, bado?" Noti juu, mabega yanacheza. Akampita mwimbaji, akaja kusimama mbele ya kiti chako. Vigelegele vikapigwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na ukumbi ule ulikuwa umejaa werevu.

Wewe hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi.

Nilikukimbilia mlangoni nikakukuta unavaa buibui. Nilianza kusema kwamba ni kina tu, ni wimbo tu. Ukasema, "Neno lile nlikupa weye tu." Basi. Hata sauti hukupandisha. Ningefurahi kama ungenitukana.

Naona aibu, wifi. Sioni aibu ya Bi Zuwena, maana yeye alitumia kisu alichokikuta mezani. Mwenye kukinoa ni mimi, na nilikinoa kwa furaha. Jikoni sasa nakuna nazi kimya. Nikipata mstari sina wa kumtupia, na kibao chako kimekauka.

Jumamosi kikundi kinaimba tena harusini, na ubeti ule ndio unaoombwa kila mahali. Nimewaambia nimeubadilisha. Mwimbaji akalalamika, "Dada, we' unauua wimbo!" Nikamwambia wimbo na ufe, hamna neno. Wataimba hivi:

*Nilipanda nikangoja, na bado ninangojea.*

Hebu ugonge kibaoni. Mizani imetimia, lakini kina kimevunjika, na wewe ungekisikia hata ukiwa uani. Ningeweza kutafuta neno la kukiunga. Nimekataa, nataka watu wasikie mahali pale pana kitu kimeondolewa. Na safari hii anayengoja ni mimi.

Mstari unachechemea, wifi. Njoo uniambie mwenyewe.

Ni mimi,
Wifi yako wa Michenzani