Yule wa Upinde na Mbwa

Likasi, tarehe 11 Juni 1995

Kwako yaya yangu, dada mukubwa mupendwa Fidélie,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Je, uko muzima? Yale magoti yanakuacha ulale? Na shemeji, na batoto, na Kamina yote? Huku tuko, kwa neema. Kampani haijamulipa bwana yangu François tangu mwaka jana, lakini hatujalala na njaa hata siku moja, na hiyo ni juu ya kazi ya binti yangu Sephora. Mutoto wako anapanda kinga, ile baiskeli ya baba yake, mpaka ziwa Tshangalele, ananunua samaki kwa bavuvi, anarudi kuuza sokoni. Miguu imekuwa ya askari!

Ndiyo habari yake ninakuandikia. Najua unangojea jibu la posa ya Octave, yule kijana muzuri uliyetutafutia. Sephora alikataa, kama alivyokataa bengine babili. Iko na miaka makumi mbili na ine, na anasema anapenda barabara, hataki muntu wa kumuuliza ametoka wapi. Majirani bakaanza: mbona kila juma anaenda kwenye maji? Iko na bwana wa usiku kule ziwani, pepo aliyemuoa katika ndoto, ndiye anafukuza banaume. Weye unajua namna neno kama hilo linaingia nyumbani bila kupiga hodi.

Kisha nikaokota kitabu chini ya mukeka wake. Mwalimu mumoja alimuachia wakati wa kuhama. Kifaransa kitupu, na picha: mwanamuke wa jiwe, nguo juu ya magoti, upinde mukononi, mbwa kando. Nikasema, pepo anavaa sura yoyote, ndiye huyu! Nikapeleka kitabu na mutoto kwa Maman Germaine wa chumba cha maombi. Akamufungisha siku tatu bila chakula wala maji. Siku ya tatu Sephora akaanguka kama gunia.

Tulimubeba mpaka kwa bamamère, wale masista ba dispensari. Mamère Émilienne alimutia maji ya mushipa, akanikemea mpaka nikatafuta pa kujificha. Lakini alipofungua kile kitabu, akacheka. Kumbe ni hadithi za Bagiriki ba zamani. Hakuna anayesujudu hiyo miungu tena, ila kuna bantu ba masomo banaoitumia kama kioo cha kuangalia roho za banamuke, maana hatukufinyangwa chungu kimoja. Kuna Hestia wa moto wa jikoni, nyumba inamutosha. Kuna Héra, bila bwana hajioni muntu. Kuna Déméter, mama aliyechukuliwa binti yake chini ya udongo, akaacha mashamba ya dunia nzima yakauke. Na huyu wa upinde, Artémis, pori na mbwa wake vinamutosha, na huo si ugonjwa. Mamère akaniuliza kama Bwana Yesu alimutoa Maria pepo kwa sababu hakupika pamoja na Marta.

Nikamuuliza: na minye mwenyewe ni nani? Akasema jibu hilo ni langu.

Yaya, nilitafuta, nikajikuta palepale penye upinde. Unakumbuka nilivyotaka kuingia kwa bamamère, na baba akanitoa kwa François? François ni muntu wa amani, silalamiki. Lakini kila Sephora aliposema hapana, ile hapana yangu niliyoimeza ilinichoma kooni. Sasa sikia neno ambalo hata padri hajalisikia. Maman Germaine alisita kumufungisha mutoto. Ni minye nilimuambia kwamba nimemusikia Sephora akiongea na mwanaume ndani ya chumba, peke yake. Sikusikia kitu. Nilidanganya, na mutoto wangu karibu afe juu ya uongo huo.

Nimemuambia Sephora yote. Alisikia mpaka mwisho. Kisha akasema, “Maman, basi kesho weye utabeba samaki, minye nipumzike.” Nilibeba kichwani, sokoni kote. Nilinuka mpaka Misa ya Jumapili, bamama bakahama benchi! Lakini roho imekuwa nyepesi, Yaya. Nalala kama mutoto aliyenyonya.

Kitenge na chumvi vya posa ya Octave vinarudi na Firmin, anayekuletea barua hii. Utuombee radhi kwa jamaa yake. Sephora usimukasirikie; kama ni hasira, nitupie minye. Samaki ndani ya kikapu ni zawadi yake kwako, amebakausha muzuri.

François anakusalimia, anauliza kama shemeji bado anashinda kwenye muchezo wa dama. Mungu akulinde. Firmin atakaa Kamina siku ine tu: tafadhali, nijibu upesi.

Mudogo wako,
Alphonsine