Kipande cha Kwanza ni cha Mbwa

Shambani, Nevada
9 Machi 2014

Mwanangu Erramun,

Hali yako huko mjini? Mimi mzima, ila goti linanisema kila nikipanda ngazi. Kondoo wanazaa vizuri mwaka huu. Theluji imebaki kidogo tu nyuma ya ghala, pale pasipopata jua. Mbwa wako Beltza anakula kuliko mimi na hafanyi kazi yoyote.

Naandika kwa sababu simu bado haishiki huku bondeni mpaka usimame juu ya trekta, na mimi kwa goti hili sipandi trekta ili nikasikie "alo, alo" halafu ikatike.

Leo baada ya misa Kattalin amenikuta nje ya kanisa. Akaniuliza mbele za watu, "Gaxuxa, kijana wako atakuja Julai, au bado anaukimbia mkate wako?"

Nikamwambia, "Mwanangu haukimbii mkate wangu, bibi wee. Anakimbia ngano. Na mkate wangu mwaka huu hauna ngano."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mkate usio na ngano! Utaoka nini, mchanga?"

Basi. Nimeshasema mbele za watu, sasa lazima niuoke. Unamjua mama yako. Kutoka hapa mpaka Idaho hakuna Mbaski, mtu wa kwetu wa ile milima ya Hispania na Ufaransa, asiyejua nani huchukua utepe wa buluu wa mshindi kwenye mashindano yetu ya mkate kila Julai. Ukuta wa jikoni umejaa, wa mwaka jana nimeutundika juu ya friji. Na Kattalin wa pili, kila mwaka wa pili, mpaka ameuzoea.

Chachu ya marehemu baba yako nimeanza kuilisha unga wa mchele. Imenuna lakini inakula. Wewe niambie tu kama utakuja. Tangu tumzike baba yako hujakaa mezani kwangu. Silaumu, nauliza.

Mama yako,
Gaxuxa

*

Salt Lake City
2 Aprili 2014

Mama,

Natumaini goti limetulia na kondoo wamemaliza kuzaa. Mimi sijambo. Kazi inakwenda.

Chachu ya baba haiwezi kusafishwa kwa mchele, Mama. Ngano imo ndani yake tangu kabla sijazaliwa. Ugonjwa wenyewe si wa kuwashwa ngozi. Nikila ile protini ya ngano inayonata, hata chembe, mwili unaanza kuushambulia utumbo wangu wenyewe. Daktari ameeleza hivyo, na mimi nimeshahakikisha kwa gharama yangu.

Siku ya mazishi nilikula kipande kimoja. Ulikuwa mkate wa chachu ya baba, nisingeweza kuukataa mbele ya jeneza lake. Jioni nikalala nyuma ya gari, na watu wakasema nimelewa. Najua nani aliyesema.

Julai naweza kuja na chakula changu kwenye sanduku, nikae pembeni. Kama hilo litakuaibisha, niambie, nisije.

Mwanao,
Erramun

*

Shambani
11 Mei 2014

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Huku majani yametoka, kondoo wanapelekwa mlimani wiki ijayo.

Sasa sikiliza. Sanduku! Mtoto wa Battitta, mtu aliyeoka mkate ardhini miaka yote ya kuchunga kondoo, aje kwa watu na sanduku kama mkaguzi wa serikali! Haiwezekani, na sasa hakuna haja.

Chachu ya baba yako nimeiweka kando kama ulivyosema. Nimeanzisha mpya, unga wa mchele na wa mtama, maji, na ganda la zabibu, kwenye chupa mpya kabisa. Ilipoanza kutoa povu niliita majirani. Mkate wa kwanza ulikuwa jiwe. Beltza aliubeba akaufukia karibu na ua, na tangu hapo akipita pale hageuki. Wa pili ulikuwa uji wenye ngozi. Nikaambiwa na binti wa maktaba kwamba kinachokosekana ni kitu cha kuushika unga, na kwamba kipo kwenye duka la dawa, ule unga wa maganda wanaokunywa watu waliofunga choo. Nikaenda. Kijana wa pale akainama akaninong'oneza, "Bibi, tumbo limefunga tangu lini?"

Nikamjibu kwa sauti, wasikie wote. "Tumbo langu halijafunga tangu nizaliwe. Nipe makopo matatu, naoka mkate."

Erramun, unga ule ukashika! Uliumuka taratibu kama mtu mvivu, lakini ukaumuka. Nikachimba shimo palepale alipokuwa akichimba baba yako, nikachoma kuni za mwerezi mpaka zikawa makaa, nikatoa sufuria yake ya chuma, ile nyeusi ya miguu mitatu. Unajua alivyoitunza, haijawahi kuguswa na sabuni. Nikaifuta kwa kitambaa chake cha mafuta, nikatia mkate, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, halafu udongo. Nilipofukua na kuinua mfuniko, nakwambia, nilikaa chini. Ukiugonga tumboni unalia kama mlango.

Nilioka miwili. Mmoja niliuchora msalaba chini kwa kisu, nikakata, na kipande cha kwanza nikampa Beltza kama baba yako alivyofanya siku zote. Alikimaliza, akalamba mpaka majani. Wa pili ninautuma kwa posta na barua hii. Unga mpya, bakuli jipya, chachu mpya. Hauna ngano hata ya kumpa sisimizi.

Kula, halafu niandikie. Kattalin nimeshamwambia.

Mama yako,
Gaxuxa

*

Shambani
8 Juni 2014

Erramun,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Mvua imenyesha kidogo.

Sijapata barua. Posta wanasema mzigo ulipokelewa na kutiwa sahihi. Huenda una kazi nyingi. Kattalin ameuliza, nikamwambia umeumaliza wote na umeomba mwingine.

Mama yako

*

Salt Lake City
19 Juni 2014

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mkate ulifika salama. Nilikula nusu yake jikoni nikiwa nimesimama, bila kisu. Ulikuwa na harufu ya kambini kwa baba, kule mlimani kwa kondoo, ya moshi na ya koti la baba. Sikujua kwamba bado naikumbuka.

Kisha nililazwa. Nimerudi nyumbani, natembea, nimeanza tena kazi nusu siku.

Unga wako ulikuwa safi, nakuamini. Nimefikiri sana na naona ni sufuria, pamoja na kile kitambaa. Ule weusi ndani yake ni mafuta na ngano ya miaka yote aliyooka baba, vimegandana. Ulifanya kila kitu kama alivyofanya yeye, na ndipo tatizo lilipo. Sina hasira.

Julai sitakuja. Tafadhali usinitumie tena kitu cha kula.

Mwanao,
Erramun

*

Shambani
27 Julai 2014

Mwanangu,

Natumaini umepata nguvu. Mimi mzima. Joto ni kali, kondoo wako juu kabisa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale kwenye sanduku la barua, halafu nikaingia ndani.

Nilianza kuiosha ile sufuria. Nilijaza beseni maji ya moto na sabuni, nikaitia, povu likawa jeusi, nikaitoa. Mwenye duka la vifaa akasema ichomwe motoni mpaka ibaki chuma kitupu, itakuwa safi. Pengine. Lakini ningekaa mezani nakutazama unavyotafuna, na wewe ungeniona nakutazama. Hicho si chakula.

Nikaipakia kwenye gari pamoja na kitambaa na chupa ya chachu ya baba yako, nikampelekea Kattalin.

Akatoka na aproni yake, akasema, "Umekuja kunionyesha au kunitambia?"

"Nimekuja kukupa."

"Umelewa, Gaxuxa?"

"Bado. Chukua kabla sijageuza gari."

Aliishika sufuria kwa mikono miwili. Akauliza, "Na mashindano?"

Nikamwambia, "Utashinda. Ukishinda usipige kelele."

Ameshinda. Jaji alitafuna, akafumba macho, akasema ameonja kambi ya Battitta. Nilipiga makofi kama watu wengine. Kattalin alipiga kelele, lakini kidogo. Halafu akapanda kwenye lile jukwaa akasema kwamba ile siku ya mazishi kijana wa Gaxuxa hakuwa amelewa, alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyemwomba aseme. Kisha akashuka akala nyama.

Mimi sikushindana. Nilikwenda na mkate wangu kwenye sanduku, nikakaa pembeni. Si pabaya pale, kuna kivuli.

Sufuria niliyonunua ni mpya, ya kijivu, ilikuwa inang'aa mpaka naona haya kuitoa nje. Nimeipaka mafuta ya kondoo na kuichoma, tena na tena. Mikate ya mwanzo ilinata chini, nikaikwangua. Sasa imeanza kuwa nyeusi kwa weusi wake wenyewe, wa mchele na mtama tu. Shimo nimechimba upande wa pili wa ghala. Ngano nimeitoa nyumbani yote, na Kattalin akija na keki tunakunywa kahawa barazani, anaondoka na makombo yake.

Naoka kila Jumamosi. Kuhusu mkate wenyewe nilijiambia sitajisifu. Basi nitajisifu: hauna mfano, na anayebisha aje na wake. Kipande cha kwanza ni cha Beltza. Kipande cha pili nakiweka kwenye sahani yako. Beltza anakitazama mpaka Jumapili, nikitoka kanisani nampa.

Sikuambii uje. Nakueleza tu sufuria ilivyo.

Mama yako,
Gaxuxa

*

Salt Lake City
25 Agosti 2014

Mama,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, uzito umerudi.

Nitafika Jumamosi ya tarehe sita, asubuhi. Sanduku langu nitakuja nalo, litabaki ndani ya gari. Usiguse koleo, shimo nitachimba mimi, goti lako lipumzike.

Mwambie Beltza wiki hiyo atapata kipande kimoja tu.

Mwanao,
Erramun