Pua Yangu na Utafiti wa Mama

Mpendwa Dada,

Hili nilikuwa sijamwambia mtu yeyote hadi jana: tangu tupuliziwe ile chanjo ya puani shuleni, katika utafiti wa Mama, sisikii harufu kabisa. Muuguzi alipopiga simu kuuliza hali yangu, nilijibu sina tatizo. Wewe unajua Mama alivyohangaika na kazi hii. Sikutaka iharibike kwa ajili ya pua yangu.

Huku hatujambo. Baba amenunua viatu vipya vinavyolia kila akipiga hatua. Jana vililia ukumbi mzima, kwenye mkutano wa wanasayansi wanaochunguza kinga ya mwili ndani ya pua, koo na utumbo. Tulipoketi akaninong'oneza, "Leo mama yako atawatoa jasho hawa maprofesa."

Mama alieleza matokeo yake vizuri, kisha akasema, "Hakuna mshiriki hata mmoja aliyepata madhara." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Basi sasa tuanze na watoto wachanga."

Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali. Dada, unajua darasani sinyooshi mkono hata jibu nikilijua.

Baba alinishika shati, akauliza, "Unakwenda wapi wewe?" Nilikwenda kwenye maikrofoni nikasema mimi ni mshiriki, na sisikii harufu.

Mama aliniangalia, akauliza, "Tangu lini, mwanangu?"

Nilimweleza yote mbele ya watu, naye akayaandika.

Mdogo wako akupendaye