Gobole Uliloliacha Limeshiba

Luhende, mwanangu wa mkono wa shoto,

Mtoto ndiye huanza kumwamkia baba yake, ndivyo tulivyokulea. Nimeingoja shikamoo yako mpaka masikio yameota ukungu. Basi leo naijibu kabla haijasemwa: marahaba. Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Ona nilivyokuwa, mzee wa kujiamkia mwenyewe.

Kalamu mimi siijui, naijua tezo. Anayeniandikia ni Salimu, yule yule wa dukani Kahama aliyetuuzia gobole lako, ila ndevu zake sasa nyeupe kama pamba. Nimemwonya asinipambie maneno kipwanipwani. Aandike ninavyosema, na nikidanganya auandike uongo wangu vilevile. Wewe utanijua kwa huo.

Unaikumbuka siku ile dukani kwake? Vita ya Mjerumani ilikuwa imekwisha, na wewe ndevu hazijaota, ila ulikuwa unatembea kama mwenye ndevu. Salimu alitutolea magobole mawili. La kwanza limevishwa shaba kila mahali, linang'aa kama bibi harusi. La pili kitako kimeliwa na mchwa, mtutu una kutu kama mguu wa ngiri. Macho yako yote yakaenda kwenye shaba. Mimi nikavuta kiko, nikaweka midomo kwenye mdomo wa lile zuri, nikapuliza moshi ndani. Moshi ukatoka pale inapokaa fataki, kile kibati cha kuwashia baruti, halafu ukatoka tena katikati ya mtutu, chini ya pete ya shaba. Palikuwa na ufa umefichwa pale.

Nikamwambia, "Salimu, hii ni filimbi. Mtafutie mtu wa ngoma."

Akasema, "Mzee wangu, umenivua nguo mbele ya wateja."

Lile baya nikalipuliza, moshi ukatoka tundu moja tu, mwembamba kama uzi. Ndipo nikakwambia uingize kidole cha mwisho mdomoni mwake. Ukaingiza, ukanitazama.

"Baba, humu ndani kuna mifereji."

"Imenyooka?"

"Hapana. Inajizungusha, kama kamba iliyosokotwa."

Nikakukanyaga mguu unyamaze. Magobole yote ya kwetu yalikuwa laini ndani, na risasi ya gobole laini huenda inakotaka yenyewe, kama mbuzi wa mjane. Lakini hili, risasi ingetoka inazunguka kama pia ya watoto, haipepesuki. Salimu hapa ameacha kuandika. Anasema laiti angejua, asingelitoa nje. Nimemwambia aendelee, biashara ya jana haifufuki.

Tukafika nalo nyumbani Mwakitolyo, tukakuta tatizo ni wewe. Gobole lilikuwa la mkono wa kulia. Wewe ukilenga kwa shoto, fataki inakutemea moto jichoni. Wazee wakasema mtoto afungwe ule mkono, atazoea. Bibi yako alishaufunga ulipokuwa mdogo, ukala ugali kwa mdomo kama ndama, na hukuzoea kitu. Nikawaambia mkono wa mtu haupindwi, kinachopindwa ni bunduki. Na kwa kuwa walikuwa wengi wananisikiliza, nikaongeza, "Mnyama hutazamia kifo kitokee kulia. Mwanangu atamtokea kushoto, atakufa anashangaa."

Tukalibeba mpaka kwa Mrongo, yule mhunzi, azibe tundu la fataki la kulia, atoboe la kushoto, na ile nyundo inayogonga fataki aihamishe. Akalizungushazungusha, akasema, "Mzee, kazi hii sijaifanya tangu nizaliwe."

Nikamwambia, "Basi zaliwa leo."

Kitako nilikichonga mimi, kwa mninga uliokauka kivulini misimu miwili. Hapo sitanii, Luhende, hakuna mtu toka Shinyanga mpaka Geita aliyewahi kuchonga kitako vile. Nilikuwa nakwambia ufumbe macho, uinue gobole begani, kisha ufumbue. "Unaona nini?" Unasema, "Naona dole gumba langu." Nachonga. "Sasa?" "Naona anga." Nimechonga mno, nabandika kipande cha ngozi ya kiboko, naanza upya. Uliinua na kushusha mpaka bega likavimba, mama yako akauliza kama nalea mtoto au natwanga mtama. Kisha siku moja ukafumbua macho, gobole hukulisogeza. Lile jino la ngiri nililolipachika mbele kwenye mtutu, jeupe, dogo kama punje ya mchele, lilikuwa limekaa mbele ya jicho lako bila kutafutwa.

"Limejileta lenyewe, baba."

Nilikwenda nyuma ya zizi. Nilisema naenda kukojoa.

Na kaniki ya mama yako je? Risasi ya gobole lenye mifereji haikubali kwenda uchi, lazima ivikwe kitambaa chenye mafuta ya mkia wa kondoo ndipo iishike mifereji. Tukakata viraka kwenye kaniki yake kuukuu. Akatukuta. "Baba Luhende, nguo yangu inakwenda kuvaliwa na risasi?" Nikamjibu risasi itapendeza kuliko yeye. Alinikimbiza na mwiko mpaka mtoni, na wewe, badala ya kumtetea mzazi, ukakaa chini ukacheka.

Yule pofu, mnyama mkubwa kama fahali, niliyempiga kwa gobole lako siku ya kulijaribu, risasi ikapita kwake ikaua kanga wawili nyuma yake, hiyo unaijua. Mama yako anasema pofu hakuwepo, kanga alikuwa mmoja, tena wa kufuga. Usimsikilize.

Lakini mpigaji ulikuwa wewe, hilo nalisema bila kulazimishwa. Ulikuwa unapima baruti kwenye kiganja cha shoto, unaiweka risasi, unaifunika kwa baruti tu isionekane, basi. Unamimina, unaweka kiraka, unaweka risasi, unashindilia kwa ufito, polepole, bila kutwanga. Kwenye ufito ulichonga alama mbili. Ya njaa: gobole tupu, ufito unazama mpaka pale. Ya shibe: limejazwa, ufito unakwama mapema. Ukanionyesha kama mimi ndiye mtoto. "Ukitaka kujua, baba, usichungulie mdomoni. Uliza ufito."

Jioni ile ya mwisho ulilishindilia kwa ajili ya nguruwe dume wa mbugani, yule mwenye sikio lililochanika aliyekuwa anatumalizia mtama. Hakuja. Asubuhi wenzako wakapita njiani kwenda Geita kuchimba dhahabu, na wewe kibindo umeshafunga. Nikataka nilitoe lile shindilio, ukanishika mkono.

"Liache, baba. Mtama ukikomaa nitarudi, nitalifyatua mwenyewe. Yule nguruwe ananijua mimi."

Na mimi, mdomo wangu huu usiopitwa na mzaha, nikakwambia, "Nenda. Lakini ujue shimoni hakuna kulia wala kushoto. Huko hata wewe utakuwa mtu kama watu." Ulicheka mpaka ukapotea kwenye mbuga. Mgongo wako ulikuwa unacheka, nauona.

Mtama ulikomaa. Akaja mwenzako Mzinza wa machimboni. Nikamkaribisha kigoda hakukaa, nikampa maji akayashika tu. Akasema shimo lilikaa chini na wewe ndani. Walichimba kukufuata, udongo ukaanza kutembea tena, wakubwa wa pale wakasema wengine wasife. Wakauacha mdomo wa shimo umefungwa hivyohivyo. Hakuleta nguo, hakuleta hata kiatu. Alileta maneno tu, na maneno mimi ninayo mengi, mwanangu, sikuwa na haja nayo.

Unajua desturi yetu sisi wawindaji. Bunduki ya marehemu hailali imeshiba. Baba yake huifyatua, ndipo mama hunyolewa nywele, ndipo msiba unatoka nyumbani. Nilikataa. Nilisema mwenyewe ameniambia atakuja kulifyatua, na mimi sijawahi kumfanya mwanangu mwongo. Kazi hiyo inanitosha mwenyewe.

Wazee walipokuja kunisihi niliwaambia gobole lina mimba, nani amewahi kumfyatua mwenye mimba? Wakacheka, wakanywa pombe yangu, wakaondoka. Kila asubuhi nilikuwa nalishusha pale ukutani, naingiza ufito. Tok. Alama ya shibe. Baruti iliyotoka kiganjani mwako ipo, kiraka ulichokilowesha mafuta kipo, risasi uliyoisukuma wewe ipo. Narudisha ukutani, nakwenda kunywa uji. Nilikuwa nakunywa uji vizuri kabisa.

Mama yako ndiye hakucheka. Nywele zake zilikua zikafungamana kama kiota. Hakwenda harusi, hakushika mbegu wakati wa kupanda, maana mwenye msiba hapandi. Mvua mbili zimempita amekaa mlangoni. Juzi asubuhi akaja mbele yangu, akafungua kiganja. Fataki mbili.

"Baba Luhende, umecheka ya kutosha."

Nikaanza kusema neno. Akanikatiza.

"Umemsimamisha mtoto mlangoni. Ndani hajaingia, nje hajatoka. Amechoka miguu. Mwache apite."

Nikalishusha gobole ukutani. Mzaha wa kumjibu nautafuta mpaka leo.

Tukaenda pale kwenye kichuguu chako cha kujipimia shabaha, watu wakafuata. Nikaweka kibuyu juu. Nikaliinua begani kulia kama nilivyozoea, likanikataa, kitako kinanisukuma shavu kama ndama asiyetaka kuachishwa. Nikalihamishia shoto. Hapo shavu langu likaingia kwenye shimo la shavu lako, lile nililokuchongea. Mti ulikuwa umelainika kwa jasho lako. Na jino la ngiri likajileta lenyewe, Luhende, mbele ya jicho la mzee asiyejua hata kushika kijiko kwa shoto.

Nikafyatua. Fataki ikalia tak, basi. Kimya. Baruti imekataa. Wallahi, nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nikageuka nikawaambia, "Mmeona? Linamngoja mwenyewe."

Mama yako akachuma mwiba, akachokonoa tundu la fataki kwa mikono yake. Akanipa ile ya pili.

"Weka nyingine."

Nikaweka. Ikalia tak, nikasikia mle ndani mvumo kama mtu anavuta pumzi kabla ya kusema, kisha likasema. Mlio ulikwenda mbugani ukarudi. Moshi ukatufunika wote.

Kibuyu kilibaki kimesimama. Watu nimewaambia nilikuwa nalenga nyuki aliyetua pembeni yake, na wapo walioamini. Wewe nakwambia nilikosa. Risasi haikupotea kwa mifereji wala kwa baruti. Moshi uliniingia machoni kabla baruti haijawaka.

Mama yako hakukitazama kibuyu. Aliingia ndani ya ule moshi, akainama, akawa anapapasa nyasi. Nikadhani ameanguka, nikamfuata. Alikuwa amekiona kiraka. Unajua kinavyotoka na risasi kisha kikadondoka mbele kidogo, kingo zinawaka. Akauminya moto kwa vidole vyake, akakipuliza, akakinusa. Kaniki yake. Kitu cha mwisho kilichoshikwa na mkono wako. Akakifunga kwenye pindo la nguo, akakaa chini palepale nyasini, akaniambia nikalete wembe.

Nimemnyoa mwenyewe. Kichwa chake ni kidogo, sikujua. Alilia kwa sauti tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi, na usiku akalala. Alikuwa hajalala hivyo tangu Mzinza aondoke. Leo ameshika jembe.

Mimi ndiye sijui nikae wapi. Asubuhi nililishusha gobole kwa mazoea, nikaingiza ufito. Ukazama, ukazama, ukapita alama ya shibe, ukaenda mpaka ya njaa. Ulipogonga chuma kitupu, mwanangu, ndipo nikajua umekufa. Mzinza aliniambia, wazee waliniambia, mama yako aliniambia. Niliuliza ufito, ndio nikaamini.

Salimu anauliza barua hii aipeleke posta gani. Nimemwambia posta ninayo. Akimaliza nitaikunja nyembamba, niipake mafuta ya kondoo, niishindilie mtutuni polepole, bila kutwanga, bila baruti. Wazee wakiuliza nitasema karatasi si chakula, desturi haijavunjwa. Hata mama yako nadhani atanyamaza. Kesho asubuhi nitaingiza ufito, na utakwama kabla ya alama ya njaa. Kidogo tu. Upana wa ukucha.

Nguruwe wako mwenye sikio lililochanika bado anakuja. Simgusi. Anakujua wewe.

Nenda, ng'wanone. Mlango uko wazi, pita.

Ni mimi baba yako, mpiga shabaha asiye na mfano Mwakitolyo nzima, ukitoa siku moja.