Kitabu Kimeelekea kwa Feza

Mama,

Nakuandikia nikiwa Kasongo, kwenye uwanja wa wakwe zangu, juu ya kigoda kifupi hivi kwamba magoti yamenifika kidevuni. Ungenicheka. Najua hakuna mwenye pikipiki atakayeifikisha barua hii huko uliko, lakini nimezoea kukueleza mambo yangu, na hili la sasa ni zuri mno siwezi kulinyamazia.

Kwanza habari za nyumbani Lusangi. Shamba lako analilima mdogo wangu Amisi. Karanga zimezaa vizuri, ingawa mistari yake imepinda na ungempigia kelele kutwa nzima. Jembe lako hataki mtu mwingine aliguse. Paa la jiko tumelibadilisha, halivuji tena. Na wale wenzako wa darasa la kusoma kanisani wamepata mwalimu mpya, kijana mpole, nasikia wanamsumbua kama mlivyomsumbua yule wa kwanza.

Sasa kubwa lenyewe: una mjukuu. Unaikumbuka siku ile ulipomtazama mke wangu Sifa akitwanga majani ya mihogo ya sombe, ukasema, "Huyu hayuko peke yake"? Sisi wenyewe hatukuwa tumejua. Uliondoka kabla mtoto hajafika, na jambo hilo liliniuma muda mrefu. Ni msichana. Tumempa jina lako, Feza, na kwa kuwa ni jina lako, wote hapa humwita Mama, wazee kwa watoto. Sifa humfuta makalio huku akimwambia, "Tulia, Mama." Nadhani wewe ungelipenda hilo kuliko sisi.

Lakini huyu Mama mpya alinikataa.

Bado nafanya kazi Salamabila, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Inanguruma tangu asubuhi, na sisi tulio karibu nayo hatuongei, tunapiga kelele. Barabara ya kupitia Kabambare unaijua, mvua ikinyesha ni mtu anayeibeba pikipiki. Basi naja Kasongo, Sifa anakokaa na mtoto kwa wazazi wake, ninapopata nafasi, na nafasi hazifuatani. Nilipokuja mara ya kwanza, Feza alikuwa mchanga kabisa, kazi yake kulala. Nilimshika, nikajiona baba kamili. Niliporudi tena alikuwa anaketi mwenyewe na ameshajua watu wake ni nani. Mimi sikuwemo. Nilimsalimu kwa ile sauti yangu ya mashineni, akaruka mikononi mwa bibi yake, mama yake Sifa, akalia mpaka pumzi ikakwama. Nikamnyooshea mikono, akazidisha. Nikatoka nje, akanyamaza. Nikarudi ndani, akaanza upya.

Niliumia, Mama. Watu walicheka kidogo wakasema ndivyo watoto walivyo, atazoea. Atazoea lini, na mimi siku chache tu niko njiani narudi? Nimewaona mgodini wanaume ambao watoto wao huwapokea kama mgeni aliyeleta sukari, wanachukua sukari na kuendelea na michezo yao. Niliogopa kuwa mmoja wao. Sikuomba kitu kingine, nilitaka mwanangu anijue.

Kitabu nilikipata sokoni Salamabila kwa mama anayeuza karanga. Alikuwa anachana kurasa anafungia karanga, na mimi nilipopewa zangu nikaona kwenye karatasi mguu wa mbuzi umechorwa rangi. Nikamwomba aniuzie kilichobaki. Ni kitabu cha watoto, cha picha, cha Kiswahili, kilichovuka ziwa pamoja na mali za wafanyabiashara wa Kalemie. Jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na karanga, kwa hiyo hadithi inaanzia kwa kuku ambaye tayari anakimbia kwa hasira, na mpaka leo sijui nani alimchokoza. Wenzangu walinitania. Mtoto hata "baba" hajui kusema, kitabu atakila? Nilikukumbuka tu wewe.

Nilikukumbuka ukirudi kutoka kanisani na kile kitabu chako cha silabi, mwanamke mzima mwenye watoto, na furaha ya msichana. Ulikuwa unakiweka gotini huku Amisi ananyonya, mbele yako beseni la mihogo, na mimi ng'ambo ya beseni. Kwako hapakuwa na nafasi, titi moja la Amisi na goti moja la kitabu. Nilikuomba ukigeuze kidogo nami nione, ukakataa, ukasema mwanafunzi ni wewe, mimi ni mtazamaji. Basi nikatazama. Ukipitisha kidole chako chenye unga wa mihogo, "ba, be, bi," nami nafuata kutoka upande wangu. Nikikimbia mbele yako unanirudisha: "Soma pole-pole, hizi herufi haziendi fasi yoyote."

Siku niliyoanza shule mwalimu alinipa kitabu, nikakigeuza kichwa chini miguu juu. Akakirudisha sawa, nikakigeuza tena. Akadhani ninamchezea. Alinileta mpaka nyumbani kunishtaki, nawe ukamwambia aniache nisome nilivyokishika. Nikasoma ukurasa mzima bila kujikwaa. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mwalimu naye akakaa akacheka, ukampa muhogo wa kuchoma. Ilinichukua muda kujifunza kusoma upande wa watu wengine, na hata sasa upande wa kwanza ndio mwepesi kwangu. Mtu akiketi mbele yangu na karatasi yake, nimeimaliza kabla yake.

Sasa sikia kilichotokea. Nilifika hapa na kitabu kwenye mfuko wa koti. Feza alikuwa amepakatwa na mama mkwe kwenye mkeka. Heshima ya mkwe unaijua. Siwezi kwenda kuketi bega kwa bega na mama mkwe wangu tukainamia kitabu kimoja kama watoto wa darasani, wala siwezi kumtoa mtoto mikononi mwake. Nikaketi kwenye ukingo wa pili wa mkeka, mbali kwa adabu. Nikaweka kitabu katikati kimeelekea kwa Feza, ili picha azione sawa, nikaanza kusoma kutoka ng'ambo. Nilifika ukurasa wa tatu ndipo nikatambua ninachokifanya. Nilikuwa mahali pangu pa zamani kabisa, mbele ya Mama aitwaye Feza, na beseni tu halikuwepo.

Hakulia, Mama.

Sikumnyooshea mikono, sikumwomba kitu. Nilikuwa sauti tu inayotoka upande wa pili wa kuku. Sauti yenyewe niliishusha, maana huwezi kumsomea mtoto habari za vifaranga kwa kelele za kusaga mawe. Alitazama kuku, akatazama mbuzi, akapiga ukurasa kwa kiganja. Mwishowe akanyanyua macho kuona maneno yanatokea wapi, akaniona mdomoni, akabaki ananitazama na mate yanamtiririka. Nikaacha kusoma. Mama mkwe, ambaye kwa heshima husema nami kama vile tuko wawili, aliinamisha uso akasema, "Mukwe, muendelee basi. Ile kuku ilifika wapi?"

Nikaendelea. Tulisoma kila siku mpaka nilipoondoka, asubuhi kabla jua halijapanda na jioni watu wakirudi shambani. Kusema tulisoma ni kujisifu. Siku nyingine tulibaki kwenye ukurasa mmoja kwa sababu mwenye jina lako alikuwa anautafuna. Siku nyingine alikifunga kitabu nikiwa katikati ya neno, akakifungua, akakifunga, akacheka kila mara kama kwamba amenikamata. Mbuzi akilia mimi nalia, na majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua kuona mkwe wa watu amepatwa na nini. Kushikwa na mimi bado alikataa. Nilirudi Salamabila bila kumbeba hata mara moja, na kitabu nikakiacha.

Huko Sifa alinipigia simu. Nilikuwa nimepanda kile kilima tunachofuatia rezo ya simu, na vijana wengine wamenizunguka kila mmoja anapaza sauti kwenye simu yake. Sifa akaniambia pole-pole, "Baba Feza, mutoto anakutafuta. Nikifungua kitabu, haangalii kuku. Anaangalia fasi yako kwa mukeka, anangojea."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikageukia upande wa porini ili vijana wasinione uso, nikalia, Mama, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu. Ningependa kukuambia kwamba niliacha kazi siku ile ile. Sikuacha, tunakula kwa kazi hiyo. Lakini nilimwendea bosi nikapanga naye zamu, ninafanya kazi mfululizo hata wengine wanapopumzika, kisha naja Kasongo na kukaa siku za kutosha mtu kunizoea. Alidhani mke wangu anaumwa. Nilipomwambia nakwenda kusoma kitabu cha kuku alinitazama sana, kisha akaniambia nenda.

Nimefika safari hii, Feza anatembea. Anatembea vibaya, miguu mbali mbali, mikono juu, lakini anafika anakokwenda. Jana niliketi kwenye ukingo wangu wa mkeka kama kawaida, mama mkwe kwenye wake, Sifa mlangoni anachambua mchele. Nikaweka kitabu katikati. Feza akatoka mapajani mwa bibi yake, akakiokota. Nilidhani anampelekea bibi. Akauzunguka mkeka akiwa amekikumbatia kifuani, akanijia mpaka magotini. Hapo akanigeuzia mgongo. Akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, bila kutazama nyuma, jinsi mtu anavyokikalia kigoda anachojua kipo. Akaniketia mapajani. Akafungua kitabu, akapiga ukurasa kwa kiganja.

Sikuweza kusoma. Herufi zilikuwa zimenigeukia, kitabu kikiwa sawa kwake kilikuwa sawa kwangu pia, na macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Kichwa chake kilikuwa chini ya kidevu changu, kinanuka mafuta ya mawese na jasho dogo. Sifa aliacha mchele. Mama mkwe akajikohoza, akatazama pembeni kwa adabu, na nikajua naye analia. Feza peke yake ndiye aliyekuwa na akili timamu, akapiga ukurasa mara ya pili. Nikasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole kwenye kila neno, na kila nilipokosea Sifa alicheka.

Mama, nakuahidi mambo haya. Nitakuja kila zamu, mvua au jua, hata pikipiki nikiibeba mimi. Nitatafuta kitabu cha pili, chenye mwanzo, kabla hajaanza kuniuliza nani alimkasirisha kuku. Na siku atakapojua kusoma mwenyewe nitamleta Lusangi akusomee, kwa sauti, palepale ulipolala, nami nitakaa upande wa pili nikusikilizeni nyote wawili.

Lala kwa amani, Mama yangu. Nilitaka kuandika zaidi, lakini mjukuu wako amefika na kitabu chake, amenigeuzia mgongo, na kwa hii karatasi iliyo mapajani mwangu hana mahali pa kukaa.

Mwanao